Bibi, mjukuu na karai la mahamri: mwongozo kamili wa siku ya kupika pamoja

Familia nyingi hulijaribu jambo hili mara moja, kisha basi. Bibi anakuja, watoto wanaitwa jikoni, mama anasimama katikati akigawa amri. Baada ya nusu saa watoto wamerudi sebuleni na simu zao, bibi yuko pembeni anamenya vitunguu peke yake, na mama anapika kama anavyopika kila Jumapili. Chakula kinaiva na watu wanakula, lakini hakuna aliyejifunza kitu kwa mwenzake.

Kwa maoni yangu kosa si la bibi wala la watoto. Ni letu sisi wa katikati. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", naye mjukuu anaweza kumwambia bibi maneno ambayo akimwambia mama yake atakiona. Mtoto akimwaga unga mbele ya bibi anachekwa, akimwaga mbele ya mama anagombezwa. Kwa hiyo kazi ya mzazi katika siku hii ni kupanga, kununua, kuweka usalama sawa, kisha kutoka jikoni. Nitalirudia hili kila litakapohitajika, maana ndilo gumu kuliko kukanda unga.

Nimeujenga mwongozo juu ya mlo mmoja, mahamri na mbaazi za nazi, chai ya asubuhi ya watu wa pwani kuanzia Lamu mpaka Dar es Salaam. Ukiwa mtu wa bara utabadilisha chakula, hatua zibaki zilezile.

Kuchagua chakula

Tafuta chakula chenye kazi ndogo ndogo nyingi za mkono, na chenye vipindi ambavyo hakuna la kufanya ila kungoja. Mazungumzo ya maana huja wakati unga unaumuka.

Ugali haufai. Unaiva upesi, unataka mkono mmoja wenye nguvu, na ukishaanza kusonga mtoto hana pa kushika. Pilau nayo ni chakula cha mpishi mmoja: vitunguu vikishaanza kubadilika rangi, anayejua ni yule mwenye mwiko tu. Makande ni mazuri, kwa kuwa kuna kuchambua maharage na kuna saa nzima za kungoja. Kisamvu, au sombe kama wanavyoiita ndugu zetu wa Kivu, kina kutwanga kwa zamu kwenye kinu, na watoto hupenda kinu kuliko kitu chochote. Mkumbuke tu kwamba majani ya muhogo huchemshwa sana kabla ya kuungwa, hayaliwi mabichi. Kagera na Uganda, kumenya ndizi kunatosha kukusanya watu wanne kwenye jamvi moja.

Lakini jambo la kwanza ni kwamba kiwe chakula ambacho bibi mwenyewe anajivunia. Ukimletea mapishi uliyoyaona kwenye simu, umemgeuza mwanafunzi kabla siku haijaanza.

Kumwendea bibi

Nenda wiki moja kabla, na nenda na mjukuu. Maneno yana uzito wake hapa. "Bibi, Jumamosi uje utusaidie kupika" ni kumwita kazini. "Bibi, watoto wanataka uwafundishe mahamri yako" ni kumpa kiti. Ni vizuri zaidi mtoto ndiye aseme, baada ya shikamoo, na amwombe kwa mdomo wake.

Kama inawezekana, pikeni kwake. Anajua mwiko uko wapi, jiko lake linavyowaka, na sufuria ipi inaunguza chini. Akiwa kwako ataomba ruhusa kwa kila kitu, na mtu anayeomba ruhusa hafundishi.

Uliza mapema mambo matatu manne bila kumfanya ajione mgonjwa: anakunywa dawa saa ngapi, anakula nini asubuhi kabla ya dawa, magoti yanaruhusu kukaa kwenye kigoda au anataka kiti chenye mgongo. Ana kisukari? Mahamri yake yatengeni kabla ya kutia sukari nyingi, au ale moja na mbaazi za kutosha. Ana presha? Chumvi itiwe mwisho na kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kama hasikii vizuri, zimeni redio na feni yenye kelele, na mtoto akae mbele yake, si ubavuni.

Na kama bibi ameanza kusahau? Msimwulize "Bibi, unakumbuka?" Swali hilo linauma. Mpeni donge mkononi. Kumbukumbu ya mikono hudumu sana. Nimeona wazee wasiokumbuka siku ya juma wakisukuma duara lililonyooka kuliko la mpishi wa chapati hotelini.

Usiku wa kuamkia

Mbaazi kavu hulowekwa usiku. Vikombe viwili vinatosha watu sita hadi wanane. Kazi ya kuzichambua ni ya watoto wadogo: wamwagie kwenye ungo, watoe mawe na zilizotobolewa, waoshe, watie maji yazidi mbaazi kwa vidole vinne. Kama bibi yuko hapo, aonyeshe kupepeta. Itamwagika. Acheni imwagike.

Vya kununua: unga wa ngano nusu kilo (kama vikombe vinne), sukari nusu kikombe, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, iliki nzima kiasi cha kupata kijiko kimoja cha chai ikishatwangwa, nazi tatu, mafuta lita moja ya kukaangia, vitunguu maji viwili, pilipili mbichi mbili, bizari ya manjano kidogo na chumvi. Nunua na unga wa ziada. Utahitajika.

Nani ashike nini

Usigawe kazi palepale jikoni. Igawe kabla, na kila mtu ajue yake.

Mtoto wa miaka mitano hadi saba anamenya iliki na kuitwanga kwenye kinu kidogo. Inachukua muda, inanukia, na haina hatari. Wa minane hadi kumi na moja anakanda na kusukuma. Aliyefika kumi na mbili anaweza kukuna nazi, ila aonyeshwe kwanza namna ya kushika kifuu, vidole nyuma, mbali na meno ya mbuzi, kile kibao cha kukunia. Kukaanga ni kwa kijana mkubwa, bibi akiwa karibu.

Babu asiachwe barazani na gazeti. Nazi ikija na makumbi yake, yeye ndiye mwenye kifuo, ule mti uliochongoka wa kufulia nazi. Ikija bila makumbi, aivunje kwa pigo moja la kisu la katikati na kumwachia mjukuu maji ya nazi. Huenda bibi akaguna kuona mvulana anakanda unga. Mkumbusheni kwa adabu ni nani huwa anasimama kwenye masufuria makubwa ya pilau harusini: mara nyingi ni wanaume, wenye nguvu za kutosha kukabili moto ule. Atacheka.

Bibi ana kazi moja tu, kuamua. Unga umetosha, mafuta yamepata moto, chumvi imekolea: neno la mwisho ni lake. Akitaka kushika mwenyewe ashike, lakini asibebeshwe.

Mzazi anaosha vyombo vya mwanzo, anaweka maji ya kunywa, anatoka.

Kuupima mkono wa bibi

Wazee hupika kwa mkono na kwa jicho. Ukimwuliza unga kiasi gani atakwambia "kiasi", na hakudanganyi. Kumkatiza kila mara ili upime kunamchosha, lakini kutopima ni kuondoka mikono mitupu. Njia nzuri ni hii: bibi achote kama kawaida yake, ila amimine kwenye sahani badala ya bakuli. Mtoto mwenye kikombe na daftari apime kilichomo sahanini, aandike, ndipo kiende bakulini. Kwa vitu vya maji, jaza jagi lenye alama, mwache bibi amimine apendavyo, kisha msome kilichobaki.

Andikeni na maneno yake, kama alivyoyatamka. "Unga ukiacha kushika kidole" ni kipimo bora kuliko gramu, kwa sababu unga wa kiwanda hiki hunywa maji kuliko wa kile. Andikeni saa pia: ulifunikwa saa tatu na robo, ukafunuliwa saa ngapi. Kama mtarekodi sauti au picha, ombeni ruhusa kwanza, na msizitume mtandaoni kabla yeye hajaziona. Kuna bibi hapendi kuonekana na leso ya jikoni.

Mtoto kuwa mwandishi si mchezo. Kenya ilianza mwaka 2007 mradi wa vyakula vya asili ambao wanafunzi wa shule za msingi walishirikishwa kuorodhesha vyakula vya jamii zao, miongoni mwao Waisukha wa magharibi na Wapokot wa Bonde la Ufa. Mwaka 2021 UNESCO iliutia kwenye rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Daftari la mjukuu wako ni kazi ya aina hiyohiyo.

Kupika kwenyewe

Anzeni na mbaazi, saa moja na nusu asubuhi au mapema zaidi. Mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, tokosa mpaka ubonyeze mbaazi kwa vidole viwili ipondeke bila ubishi. Ni saa moja hadi moja na nusu, kutegemea ukavu wake. Za msimu uliopita ni shupavu.

Zikiwa motoni, kuneni nazi. Tia vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, fikicha, kamua kwa chujio. Hilo ndilo tui zito; mtapata kama vikombe viwili na kidogo. Rudisheni chicha, tieni vikombe viwili vingine vya maji, kamueni tui jepesi. Hapa watoto wote waruhusiwe kukamua, kila mmoja zamu yake. Chicha ni ya kuku, kama mnao.

Mahamri sasa. Changanya unga, sukari, hamira, iliki na chembe ya chumvi. Mimina tui zito la vuguvugu kikombe kimoja kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo hadi robo kikombe, mpaka donge lishikane. Tui likiwa la moto wa kuchoma kidole, hamira itakufa. Kandeni dakika 10 hadi 15. Mtoto atachoka dakika ya nne. Hapo ampe kaka yake, kaka ampe babu. Bibi abonyeze donge kila baada ya zamu na kutoa hukumu. Likiwa laini na likirudi taratibu ukilibonyeza, lifunikeni kwa kitambaa kibichi.

Kwenye joto la Tanga au Mombasa saa moja na nusu inatosha. Mbeya mwezi wa Juni, au Nairobi mwezi wa Julai, lipeni hata saa mbili na nusu, karibu na jiko. Ngojeni ukubwa uongezeke maradufu. Wakati huu ndio kiini cha siku nzima, na nitaurudia hapa chini.

Donge likishaumuka, gawanyeni madonge sita. Sukumeni kila moja duara la unene wa nusu sentimita hivi, mkate mara nne kupata pembe. Mahamri 24. Yaacheni yapumzike dakika 20 juu ya kitambaa chenye unga. Duara la mtoto litakuwa kama ramani ya kisiwa, msilisukume upya. Alikumbuke lake likitoka kwenye mafuta.

Wakati yanapumzika, zimalizieni mbaazi: tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwakatwa, pilipili nzima bila kuipasua, bizari kidogo. Zikichemka dakika 15, tia kikombe cha tui zito na chumvi, punguza moto, koroga taratibu bila kuacha mpaka tui lichemke, lisije likakatika. Kazi hii ya kukoroga ni ya mtoto mtulivu. Kila familia ina mmoja.

Kukaanga. Karai liwe na mafuta ya kina cha vidole vitatu, lisijae. Dondosha kipande kidogo cha unga: kikizama kisha kikapanda mara moja na mapovu, mafuta yako tayari. Tia mahamri matatu manne, uyamwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, ndipo yanapovimba. Yakivimba na chini yakiwa ya hudhurungi, geuza. Watoto wadogo wasimame hatua mbili nyuma, mpini wa karai uelekee ukutani. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika kwa mfuniko, maji kamwe. Mtu akiungua, maji baridi yanayotiririka dakika 20, na si dawa ya meno wala yai, hata kama bibi mwenyewe ndiye anayependekeza.

Saa moja na nusu ya kungoja

Hapa ndipo siku hufaulu au kufa. Simu zikitoka, mmekwisha. Wekeni chai, kaeni chini.

"Bibi tuambie zamani ilikuwaje" ni swali baya. Ni pana mno, na jibu lake ni "zamani ilikuwa nzuri". Ulizeni vitu. Nani alimfundisha mahamri, na mara ya kwanza yalitokaje? Walipikia kuni, makaa au mafuta ya taa? Mwezi wa Ramadhani waliamka saa ngapi kuandaa daku? Alipoolewa alikuta kwa mkwewe wanapika tofauti, na nani alikubali kubadilika? Hilo la mwisho litachukua saa nzima peke yake.

Kama bibi ni Mtanzania aliyekuwa mtu mzima miaka ya mwanzo ya 1980, ulizeni walipika nini sukari na unga vilipoadimika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 watu walipanga foleni kwa sabuni, sukari na chumvi, na kila nyumba ilikuwa na ujanja wake. Watoto waliozaliwa na duka la kona lenye kila kitu husikiliza habari hizi midomo wazi. Mwenye nazi mkononi ataulizwa pia hatua za tunda lenyewe, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na ipi inafaa kwa nini.

Na mjukuu naye aulizwe. Bibi amwulize anakula nini shuleni, na nani hugawa mafungu. Mtoto hufunguka akiwa na kitu mkononi na macho yake hayalazimiki kumtazama mtu. Ndiyo maana kumenya iliki ni bora kuliko kukalishwa kwenye kochi.

Wewe mzazi, ukiona kimya kimeingia, usikimbilie kukijaza.

Kupakua

Bibi na babu wapakuliwe kwanza, na mtoto aliyekanda ndiye apeleke. Kisha sahani mbili zifunikwe kawa ziende kwa majirani, wapelekaji wawe watoto, nao waseme wamepika wenyewe. Mwambieni mtoto kwamba sahani ile haitarudi tupu, aone itarudi na nini.

Sifa zitolewe kwa jambo mahsusi. "Iliki yako imetwangika vizuri" inamfikia mtoto. "Hongera" ya jumla inampita.

Bibi akiwa mbali

Familia zetu zimetawanyika, na kupika kwa simu kunawezekana. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, kwa hiyo hakuna shida. London iko nyuma kwa saa mbili au tatu kutegemea msimu. Toronto ni saa saba au nane, hivyo asubuhi ya mjukuu ni alasiri ya bibi. Mjukuu atakunywa chai ya asubuhi, bibi ya alasiri.

Simu ya mjukuu isimame juu ya kitu kirefu, ielekee mikononi na si usoni, maana bibi anataka kuuona unga. Upande wa bibi awepo mtu wa kumshikia simu. Mbaazi kavu hupatikana kwenye maduka ya Wahindi na ya watu wa Karibea. Nazi ya kopo inafaa: isitikiswe, lile zito la juu ndilo tui zito, lililobaki liongezwe maji. Unga ukishafunikwa kateni simu kwa muda kama bando ni dogo, mpigiane tena wakati wa kusukuma.

Mara ya pili na ya tatu

Mara moja haitoshi, lakini msirudie ileile. Mara ya pili geuzeni: mjukuu apike kwa kufuata daftari lake, bibi akae tu na asishike kitu mpaka aulizwe. Itamuuma kukaa kimya. Hapo ndipo mtaona daftari limepungukiwa nini, kwa kawaida ni saa za kungoja na rangi ya kitunguu. Mrekebishe palepale kwa kalamu nyingine.

Mara ya tatu wawili hao waende sokoni peke yao, na hela wapewe mtoto. Bibi amfundishe kuchagua nazi: iwe nzito mkononi, ikitikiswa maji yasikike, na yale macho matatu yawe makavu. Yenye unyevu au ukungu machoni irudishwe kwenye fungu, hata muuzaji akiapa.